Lita 25 mpaka Mokowe na kurudi: daftari la wiki moja

Jumatatu, Malindi

Kesho naenda Mokowe, gati la bara la kuvukia Amu (Lamu). Safari hii naifanya kila mwezi. Napeleka bafta na nyuzi kwa washonaji wa kofia kule Amu, nakusanya kofia zilizokwisha, narudi nazo Malindi kwa wateja. Kofia moja ya vito, ile ya kutarizi kwa mkono, hula wiki nyingi za mkono wa mtu, na mshonaji hawezi kunipunguzia bei kwa sababu gari langu linakunywa dizeli. Wala siwezi kumpandishia mnunuzi kila EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, inapotangaza bei mpya ya mafuta tarehe 14. Kilichobaki mikononi mwangu ni kilomita ninazopata kwa kila lita.

Gari ni Demio ya dizeli, injini ya lita 1.5, gia otomatiki. Nilipoinunua kila mtu aliniambia itapita kilomita 20 kwa lita bila taabu. Mwezi uliopita niliamua kupima badala ya kusikiliza. Nilipata kilomita 458 kwa lita 26.9. Ukigawanya unapata 17. Nilikaa na namba hiyo usiku kucha. Ama walionisifia gari walinidanganya, ama kuna kitu kinachokula mafuta yangu njiani.

Kupima si kutazama geji, wala zile namba za dashibodi, ambazo mara nyingi hupendelea gari. Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, kisha usiongeze hata tone. Andika odometa. Ukimaliza safari rudi pampu ileile, simamisha gari palepale, lielekee upande uleule, jaza tena mpaka lijikate. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Leo kijana wa pampu alitaka kuongeza kidogo ili pesa itimie namba kamili, nikamwomba aache hapohapo. Lita moja ya ziada katika safari ya lita kumi huharibu hesabu kwa asilimia kumi nzima.

Jirani yangu husisitiza nijaze alfajiri kwa sababu dizeli ya baridi "hukaa sana" ndani ya lita. Dizeli hupanuka kweli joto likiongezeka, lakini kwa chini ya moja kwa elfu kwa kila nyuzi, na matangi ya kituo yamezikwa ardhini ambako joto halibadiliki sana kati ya alfajiri na adhuhuri. Nilijaza saa kumi jioni nikalala vizuri.

Kazi ya mchana ilikuwa kulivua gari mizigo. Keria ya juu nimeishi nayo mwaka mzima, na mara ya mwisho kubeba kitu juu yake ilikuwa godoro la mpwa wangu. Nimeifungua, ipo ukutani. Butini nimetoa madumu mawili ya maji yaliyojaa, jeki ya zamani isiyofanya kazi na mfuko wa saruji uliokwisha ganda.

Halafu magurudumu. Nilikwenda kwa kijana wa puncha karibu na nyumbani asubuhi, tairi zikiwa baridi, maana zikishapata moto upepo wa ndani hupanda na kipimo hudanganya. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema psi 36. Nilikuta 28, 27, 30 na 26. Tairi yenye upepo mdogo hujikunja kila inapogusa lami, na kule kujikunja ni dizeli inayogeuka joto la mpira. Kijana akaniambia, "Dada, tukiweka 42 litateleza kama baiskeli." Nilikataa. Tairi iliyojaa kupita kiasi huisha katikati na hushika barabara kidogo wakati wa breki, na mimi nabeba mtoto wa watu.

Jumanne, Malindi hadi Mokowe, kilomita 223

Tulitoka saa kumi na mbili na robo asubuhi, mimi na mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye nimempa daftari na kalamu.

Sikuliacha gari liwake uani kama nilivyozoea. Injini ya dizeli ikiwaka gari limesimama hupata moto polepole mno, na muda wote huo inakula bila kwenda popote. Ikitembezwa kwa upole hupata moto upesi. Niliwasha, tukafunga mikanda, tukaondoka. Mpaka daraja la Sabaki sikukanyaga kwa nguvu hata mara moja.

Baada ya Sabaki matuta yanaanza, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Sisi husema "kanyaga mafuta", na ni usemi wa kweli kabisa. Mguu wa kulia ndio unaofungua mfereji. Ambacho wengi hatukijui ni kinachotokea tukiuachia. Gari likiwa kwenye gia nawe ukaondoa mguu, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta huzifunga nozeli kabisa. Dizeli inayoingia ni sifuri. Ukitia N (gia huru) kwa kudhani unaokoa, injini inatenganishwa na magurudumu, kwa hiyo inabidi ilishwe ili isizimike, na mteremkoni unabaki na breki peke yake. Mpwa wangu alikuwa ameambiwa na rafiki zake kwamba N ndiyo siri. Tulibishana mpaka Mambrui.

Baadaye tulipiga hesabu ya tuta. Gari la kilo 1,200 likiwa spidi 80 limebeba nguvu ya mwendo ya kilojuli 300 hivi. Lita ya dizeli ina megajuli kama 36, lakini kinachofika kwenye gurudumu ni kama thuluthi yake, megajuli 12. Kwa hiyo kulifikisha gari spidi 80 kutoka kusimama kunakula sehemu moja ya arubaini ya lita, yaani mililita 25, vijiko vitano vya chai. Ukilifikia tuta kwa kasi ukakanyaga breki, vijiko vile vitano umevigeuza joto la diski, kisha unamimina vitano vingine kurudi pale ulipokuwa. Matuta arubaini ya namna hiyo ni lita nzima iliyochomwa kwa breki. Bandu bandu huisha gogo.

Basi kazi yangu ikawa macho. Nikiona vibanda vya nazi na watoto wa shule kando ya njia najua tuta li karibu, naachia mapema, gari linapungua lenyewe, nalivuka tuta bila kugusa breki au kwa kuigusa kidogo tu. Gongoni tulipita hivyo, machimbo ya chumvi yakimeta upande wa kulia. Jambo moja lilinisumbua, nikamwambia mpwa wangu aliandike ingawa sikujua maana yake. Niliona gari halisafiri mbali likiachiwa. Nilitarajia liteleze mpaka kwenye tuta, lakini lilikuwa likichoka mapema, ikabidi nikanyage tena.

Kuanzia Marereni barabara imenyooka, na hapo tatizo ni kishawishi. Mwezi uliopita nilikuwa nakimbia 100 na 110. Leo nilishika 80. Nguvu ya hewa inayolisukuma gari nyuma hupanda kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 kwenda 110 hewa inakuzuia karibu mara mbili. Na muda? Kilomita 223 kwa spidi 80 ni saa mbili na dakika 47. Kwa 100 ni saa mbili na dakika 14. Tofauti ni nusu saa, tena kwenye karatasi tu, maana vizuizi vya polisi na ng'ombe wanaovuka hawajali spidi yako. Mabasi yalitupita yote. Nilikuwa nasogea kushoto na kuwasha indiketa wapite salama, kwa sababu si haki kuokoa dizeli yako kwa kuwatia wenzako hatarini. Basi moja tulilikuta kwenye kizuizi kilichofuata, mbele yetu kwa magari matatu.

Kwenye vizuizi nazima injini foleni ikiwa ndefu. Dizeli ndogo kama hii ikiwaka bure hula karibu nusu lita kwa saa.

Minjila tulikata kulia, tukapita Garsen, tukavuka Tana. Maji yalikuwa mengi na ya udongo, na migomba imeinamia kingo. Witu tulisimama kunywa chai. Nilimsimulia mpwa wangu jambo ambalo hunipendeza kila nikipita pale. Usultani wa Witu ulikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani mpaka 1890, walipowaachia Waingereza. Miaka miwili baadaye, kule Ujerumani, Rudolf Diesel aliomba hataza ya injini yake, na mwaka 1897 ikafanya kazi Augsburg. Wazo lake lilikuwa kuibana hewa mpaka ipate moto wa kuwasha mafuta yenyewe, bila cheche. Kubana kule ndiko kunakoifanya dizeli itoe kazi zaidi kwa kila tone kuliko petroli. Kwa hiyo gari langu lilizaliwa na ubora huo. Mimi nilikuwa naumwaga.

Tulifika Mokowe saa nne na nusu. Nilijaza kwenye kituo kabla ya gati. Kilomita 223, lita 10.6. Mpwa wangu aligawanya kwa simu: 21. Kutoka 17. Alipiga kofi. Mimi nilifurahi pia, lakini nilikuwa nimebadilisha keria, upepo, uzito na mwendo kwa pamoja, na upepo wa kusi ulikuwa nyuma yetu. Nani kati ya hao alileta kilomita nne? Daftari halikuweza kusema. Tena pampu ya hapa si ile ya Malindi.

Jumatano, Amu

Gari limebaki Mokowe. Huku hakuna kazi ya gari.

Baada ya alasiri nilikwenda kumwamkia ami yangu, nahodha mstaafu, anayekaa barazani akitazama vyombo vikiingia. Nilimweleza habari za lita na kilomita, akasikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza kila kitu.

"Umekuja na kusi nyuma," akasema. "Utarudi nayo usoni. Utafanyaje?"

"Ami, gari si jahazi."

"Gari lina tanga. Lile paji la mbele ni tanga, ila lako halikunjiki."

Nilipiga hesabu pale pale. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukiwa nyuma, gari la spidi 80 linakutana na hewa ya 60. Ukiwa usoni, linakutana na hewa ya 100. Kwa mraba, kinachonizuia wakati wa kurudi ni karibu mara tatu ya kilichonizuia wakati wa kuja, na mshale wa spidi uko palepale. Sikuwahi kuufikiria upepo katika miaka yangu yote ya kuendesha, nami nimezaliwa pwani.

"Sisi tulingoja kaskazi," ami akasema. "Wewe huwezi kungoja mpaka Disemba. Lakini waweza kuchagua saa. Ondoka na alfajiri, upepo haujaamka."

Nilipomwambia kwamba gari lilikuwa likichoka mapema kila nikiachia mguu, alinyamaza, kisha akauliza kama linashikwa na kitu. Chombo kikiwa kizito majini, akasema, nahodha mwenye akili halaumu tanga wala injini kwanza. Hukipweleza, akaangalia chini. Mara nyingi ni chaza na majani ya bahari yaliyoganda ubavuni, na ukivikwangua chombo kinakuwa kipya. "Mwanangu, angalia kinacholishika."

Alhamisi, Mpeketoni na kurudi, kilomita 94

Tulivuka asubuhi, tukachukua gari kwenda Mpeketoni kumwona shangazi aliyekuwa mgonjwa. Anaendelea vizuri, alhamdulillahi.

Maneno ya ami yalikuwa kichwani. Tulipofika Mpeketoni, kabla ya kuingia ndani, nilisimamisha gari kwa kuliacha liishie lenyewe, bila breki. Kisha nikazunguka nikisogeza kiganja karibu na kila rimu. Usiiguse diski, itakuunguza. Nyuma mbili, vuguvugu. Mbele kulia, vuguvugu. Mbele kushoto, joto lilinifikia kabla mkono haujafika, pamoja na ule harufu wa chuma na vumbi la breki ambao nilikuwa nausikia kwa miezi nikidhani ni wa malori.

Shangazi alinielekeza kwa fundi mmoja anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Aliinua upande wa kulia kwa jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono. Likazunguka, likazunguka, likasimama taratibu. Akahamia kushoto. Alilisukuma kwa nguvu ileile, likaenda nusu duara na kukwama, likikwaruza kwa sauti ndogo ya msasa.

"Mamangu," akasema, "umekuwa ukiendesha na breki umeikanyaga."

Alifungua kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Ina pini mbili ambazo hutelezea juu yake ili pedi zishike na kuachia sawasawa. Pini moja ilitoka. Ya pili ilitoka kwa nyundo. Ilikuwa na kutu nyekundu, kavu kabisa, bila alama ya grisi. Pedi ya nje ilikuwa na unene mzuri. Ya ndani ilikuwa imebaki kama sarafu ya shilingi kumi, na kona yake moja imelika mshazari. Niliishika mkononi muda mrefu. Dizeli yangu ya miezi yote hiyo ilikuwa imeisha pale, kwenye kipande cha chuma kilichosuguana na kingine.

Gereji iliyonibadilishia pedi mwezi wa Februari haikupaka grisi pini. Na mimi kila mwezi naliacha gari siku tatu au nne pale Mokowe, mita chache kutoka baharini, likipulizwa chumvi. Fundi aliniambia magari mengi ya ukanda huu huwa hivyo, na kwamba mwenye gari hajui kwa sababu kalipa huganda polepole na mguu huzoea.

Alisugua pini kwa brashi ya waya na msasa mpaka zikang'aa, akapaka grisi ya breki, ile inayostahimili joto, akahakikisha vipira vya kuzuia vumbi havijapasuka, akaweka pedi mpya pande zote mbili za mbele. Alipolizungusha tena gurudumu la kushoto lilizunguka kama mwenzake. Nilimwomba alizungushe mara ya pili, kwa raha ya kutazama tu.

Kurudi Mokowe, kwenye vumbi na matuta, gari lilikuwa jingine. Niliachia mguu mahali nilipozoea, nikalifikia tuta kwa kasi kuliko nilivyotaka. Jioni nilijaza pampu ileile ya juzi: kilomita 94, lita 5.3. Hiyo ni 17.7 kwa lita, namba mbaya, lakini ina kwenda kulikobeba breki ya joto, barabara ya vumbi, na mizunguko ya mjini kutafuta pedi injini ikiwashwa na kuzimwa.

Ijumaa, Amu

Kofia zimehesabiwa na kufungwa. Msikitini, chakula, usingizi.

Jumamosi, Mokowe hadi Malindi, kilomita 223

Tulilala Mokowe ili tuwahi. Saa kumi na mbili kamili tulikuwa barabarani, majani ya mikoma hayatikisiki. Ami alisema kweli, upepo ulikuwa haujaamka. Mpaka Garsen tulikwenda 80 bila kusikia chochote ubavuni.

Tulipokata kushoto Minjila kuelekea kusini, jua lilikuwa limepanda na upepo nao. Unaweza kuuona ukitaka. Moshi wa majiko ya mkaa kando ya njia ulikuwa unalala kutuelekea, na mifuko kwenye miiba imenyooka upande wetu. Nilishuka mpaka 70. Si kwamba nilitaka kufika usiku, bali 70 dhidi ya upepo ule ni sawa na 90 siku ya shwari, na gari lililegea sauti mara moja, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Madirisha tulikuwa tumeyafunga, AC imewashwa kidogo. Katika mwendo wa safari naona hivyo ni bora kuliko madirisha yote wazi, ambayo hugeuza gari kuwa kapu la upepo. Mjini Malindi nafanya kinyume chake.

Karibu na Gongoni tulisimama kununua maji. Nilisikia feni inapiga kwa nguvu, na mzunguko wa injini ulikuwa umepanda kidogo ingawa tumesimama. Mpwa wangu alitaka kuzima. Nikamzuia. Magari ya dizeli ya kisasa yana chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo likijaa, gari hulichoma masizi yake kwa kumimina dizeli ya ziada. Ukizima katikati ya kazi hiyo, mafuta yale yamekwenda bure na gari litaanza upya kesho. Ukizima hivyo mara nyingi, chujio huziba, na bei yake inauma. Hili ndilo linalowaumiza wenye dizeli wanaokwenda sokoni na kurudi tu, kilomita mbili mbili, injini haipati moto. Kwa mtu wa namna hiyo mimi siwezi kumshauri anunue dizeli hata kidogo, afadhali petroli. Mpwa wangu alikimbia kununua maji, nami nikaondoka naye upesi. Baada ya dakika kama kumi za mwendo feni ilinyamaza.

Malindi saa nne na dakika arubaini. Pampu ya Jumatatu, mahali palepale, uelekeo uleule, kijana yuleyule. Bomba likajikata. Lita 9.5.

Kilomita 23.5 kwa lita, na upepo ulikuwa usoni.

Jumapili, Malindi

Leo nimefungua eya klina. Vumbi la Mpeketoni limo lote, limejaa kwenye mikunjo. Sikuipuliza kwa upepo wa kompresa kama wengi wafanyavyo, maana karatasi ikipasuka hata kidogo vumbi huingia kwenye turbo. Nimeweka mpya. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha hutoa moshi mweusi, na moshi mweusi ni mafuta yaliyokataa kuungua.

Hesabu ya wiki: kilomita 540, lita 25.4, sawa na 21.3 kwa lita. Namba hii ndiyo ninayoiamini kuliko zile za vipande, kwa sababu imeanza na kuishia kwenye pampu moja. Kwa mwendo wa mwezi uliopita kilomita hizi zingenila lita 31.7. Nimebakiza lita sita na zaidi kidogo, na hapo nusu ya njia niliendesha breki ikiwa imeng'ang'ania.

Kinachonikera bado ni kutojua sehemu ya kila kitu. Ninaamini breki ndiyo mla mkubwa, kwa kuwa namba ilipanda mara tu ilipofunguliwa hata dhidi ya kusi. Lakini kuamini si kupima. Kwa hiyo mwezi ujao nitagusa kitu kimoja tu. Upepo wa tairi utabaki 36, keria itabaki ukutani, tutaondoka saa ileile, pampu zilezile, na kwenda nitashika 90 badala ya 80. Mwezi unaofuata nitarudi 80.

Mpwa wangu amekwisha piga mistari ya Agosti kwenye daftari. Ameongeza safu moja ambayo sikumwambia, ya joto la rimu nne kila tunaposimama: kushoto mbele, kulia mbele, nyuma, nyuma. Na Mokowe gari litakuwa linalala upande wa pili wa barabara, nyuma ya maduka, mbali na upepo wa chumvi.